Viti vya Buluu vya Marehemu Kalama

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kufungua ukurasa huu, karibu, vuta kiti ukae. Ila kikiwa ni kiti cha plastiki cha buluu, nakuomba usimame tu. Mbele utaelewa.

Mimi ni Kiponda, muuza viatu vya mitumba soko la Kongowea. Wiki iliyopita niliwaeleza jinsi nilivyojiponza kwa mdomo wangu mwenyewe kwenye mazishi kule Mtopanga. Nitawakumbusha kwa ufupi, maana hata mimi sipendi kuyakumbuka.

Aliyekufa ni mzee Kalama. Kisauni nzima ilimjua, ndiye aliyekuwa akikodisha viti na mahema. Harusi, matanga, harambee, mkutano wa siasa, hata ubatizo, viti vya buluu ni vyake. Na yeye mwenyewe hakosi, amekaa nyuma kabisa akivilinda visiibiwe.

Sasa, ukoo wetu na ukoo wa Kalama ni watani tangu enzi za mababu. Kwetu mtani akifa, sisi ndio tunaokwenda kuvuruga msiba. Tunavaa nguo zake, tunatembea kama yeye, tunasema kwa sauti yake, tunamtukana, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Wakikasirika tunashuka kaburini tunalala mle mpaka watupe kuku.

Zamu ilikuwa yangu. Nikavaa koti la Kalama, nikajitwika kiti cha buluu kichwani, nikawaambia waombolezaji kwa ile sauti yake ya puani:

"Nyie mlidhani mimi nakodisha viti? Wajinga nyinyi! Mimi ni mtu wa usalama! Kila mlichosema mkiwa mmekalia viti vyangu nimekipeleka kwa wakubwa!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nami badala ya kuishia hapo, nikanogewa.

"Na sasa nakwenda zangu," nikasema, "kazi yangu namrithisha huyu!" Nikamnyoshea kidole shemeji yangu Munga, kinyozi, mume wa dada yangu Mapenzi. Usipomtania shemeji utamtania nani?

Vicheko tena. Lakini nikiwa pale juu ya kifusi cha kaburi niliona watu watatu hawacheki. Mjane hakucheka, na hilo nalielewa. Mheshimiwa Ziro, mbunge wetu wa chama tawala cha Birika, hakucheka. Na dada yangu Mapenzi, aliyekuwa akipakua wali, maana penye viti vya Kalama mpishi ni Mapenzi, alisimama na upawa mkononi ananitazama tu. Nikadhani amekasirika kwa ajili ya mumewe.

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana. Sasa sikilizeni.

Kumbe kuna mtu alikuwa amenirekodi. Nilipofika Kongowea Jumatatu, video ilikuwa imefika kabla yangu, imezunguka makundi yote ya WhatsApp, na soko lilikuwa limeshagawanyika.

"Wee Kiponda!" Kamau alinipigia kelele kutoka juu ya lori la kabichi. Kamau ni wa bara na ni Birika damu. "Umeanika siri ya serikali, bana! Hiyo ni uhaini!"

"Uhaini gani?" Quinter, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, akamrukia. Quinter ni wa Mkeka, chama cha upinzani, hata leso aliyojifunga ina picha ya mkeka. "Uhaini ni nyinyi Birika kututegea makachero mpaka matangani! Kiponda ni shujaa!"

"Shujaa wa nini? Mtu ametaja majina ya watu wa usalama hadharani! Wakiuliwa?"

"Aaa! Kumbe ni watu wa usalama kweli!"

"Sijasema ni kweli!"

"Umesema wakiuliwa. Kachero wa uongo anauliwaje?"

"Jamani," nikasema, "ule ulikuwa utani."

Wote wawili wakanigeukia. "Nyamaza Kiponda," wakasema kwa pamoja, "hatuongei na wewe."

Nikajaribu kumweleza Kamau habari ya watani. Akanisikiliza vizuri, halafu akauliza, "Yaani mtu wenu akikufa mnaenda kumcheka?"

"Ndiyo."

"Na mnavaa nguo zake?"

"Ndiyo."

"Na mnataka niamini kila kitu isipokuwa hiyo ya kachero?"

Nikapanga viatu vyangu.

Jumatano nikasikia kwamba msemaji mmoja wa serikali ameita waandishi wa habari. Nikashukuru Mungu. Nikajua sasa atasema huyu Kiponda ni mlevi, mpuuzeni, mambo yaishe. Tukakusanyika kwenye redio ya Quinter.

Msemaji akakohoa. Akasema: "Serikali inalaani vikali kitendo cha kufichua utambulisho wa watumishi wake wa usalama. Aliyehusika atachukuliwa hatua kali za kisheria."

Lo! Nilibaki na kiatu kimoja mkononi. Kumbe Kalama alikuwa kachero kweli! Na aliyetoboa si mimi, ni wao! Mimi nilikuwa nachekesha watu nipewe kuku!

"Umesikia?" Quinter akaruka juu. "Wamekiri!"

"Hawajakiri, wamelaani!" Kamau akasema.

"Wamelaani kitu gani ambacho hakipo?"

Jioni hiyo hiyo televisheni zikapokea. Birika walisema Mkeka wana mtu wao ndani ya idara ya usalama, ndiye aliyenipa siri niitoboe makaburini. Mkeka walisema serikali imejaza makachero Pwani nzima na mimi ni mzalendo niliyechoka. Kila upande ulileta mtaalamu wake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga Mtopanga. Mmoja mwenye miwani alieleza kwamba "Utani" ni jina la operesheni.

Huku mtaani, viti vya buluu vikawa ukoma. Harusi moja kule Magongo, bibi harusi alisimama tangu sala mpaka keki, na visigino vile, kuliko kukalia kiti cha Kalama. Watu walianza kukumbuka waliyoyasema miaka yote wakiwa wamekaa. Shemasi mmoja wa kanisa letu aliamua kumwungamia mkewe mapema, kabla serikali haijamwambia. Sasa analala kwa kaka yake.

Na mimi, haki ya Mungu, nilikuwa bado nacheka. Nilidhani ni kelele za siasa tu, zitapita kama zilivyopita zile za uchaguzi uliopita.

Niliacha kucheka nilipopita kwa shemeji.

Nilimkuta Munga amekaa peke yake kwenye kiti chake cha kunyolea, anajitazama kwenye kioo. Redio imezimwa. Munga ni mtu mpole, hata nywele anaziomba radhi kabla ya kuzikata.

"Shemeji, wateja wako wapi?"

"Nani aje? Nani atamwachia kachero shingo yake, na wembe ninao mimi?"

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akanyosha kidole mlangoni. Nikageuka nikaona wamechora jeneza kwa makaa, na chini yake wameandika Jumapili.

"Ndiyo nini hii?"

"Vijana wa mtaa walikuja. Wamesema Jumapili isinikute Mtopanga. Mimi na Mapenzi na watoto." Akajifuta uso kwa taulo ya wateja. "Kiponda, mimi nimewakosea nini? Nilikuja kumzika Kalama tu."

Wapo waliobandikwa jina la kachero hapa Kisauni, na tunajua walivyoishia. Wengine hatukuwaona tena. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kwa sababu ujasusi wa Munga ulitoka kichwani mwangu na si kwengine. Katika nchi hii nzima, mimi peke yangu ndiye niliyejua kwa hakika kwamba huyu mtu hana hatia, na mimi ndiye niliyemuua.

Mapenzi akatokea nyuma ya pazia. Hakunisalimu.

"Dada..."

"Usiniite dada. Umemchimbia mume wangu kaburi kwa kiti cha plastiki."

"Nimeshasema ni utani! Nimesema sokoni, nimesema kanisani! Hakuna anayetaka uwe utani!"

"Basi watafute wanaotaka. Ulimtaja mbele ya watu, umsafishe mbele ya watu. Na ufanye haraka."

Nikaenda kuwatafuta.

Kwanza kwa mheshimiwa Ziro. Alinipokea vizuri, akaniagizia soda baridi.

"Kiponda, jambo ni jepesi. Sema ni Dancun wa Mkeka aliyekupa yale maneno."

"Hakunipa mtu, mheshimiwa."

"Najua hakukupa. Wewe sema tu. Ukisema hivyo, Munga tunampa askari wawili wamlinde usiku na mchana."

"Lakini mheshimiwa, mkimwekea askari, watu si watasema ni kachero kweli?"

Akakuna kidevu. "Hilo nalo," akasema. Lakini hakuwa na mpango mwingine. Nikamaliza soda nikaondoka.

Nikaenda kwa Dancun, mgombea wa Mkeka. Huyu hakuniagizia kitu, alinikumbatia.

"Shujaa wangu! Unapanda jukwaani na mimi unataja wengine."

"Wengine gani?"

"Wowote. Usijali, majina tunayo."

"Na shemeji yangu?"

"Munga ndiye shahidi wetu mkuu. Atalia, atakiri, halafu tutamsamehe hadharani. Watu watalia mpaka basi!"

"Akiri nini, naye hana kitu?"

Dancun akaniwekea mkono begani. "Kiponda, usikwame kwenye vitu vidogo vidogo."

Nilitoka pale nikimtukana kimoyomoyo kwa lugha zote ninazozijua. Birika wanamtaka Munga awe kachero aliyesalitiwa. Mkeka wanamtaka awe kachero aliyetubu. Munga anayenyoa watu Mtopanga hakuwa na chama.

Aliyenisaidia ni chifu. Yeye aliogopa damu imwagike kwenye eneo lake, akaitisha baraza Jumamosi, uwanja wa Mtopanga, pande zote mbili zije. Mchungaji wetu akatoa wazo la kiapo. Kiponda ndiye aliyemtaja, Kiponda ataapa kwa Biblia, na vijana wakakubali. Wahuni wote, lakini kiapo wanakiogopa, maana kila mmoja wao ana nyanya aliyemlea.

Jumamosi uwanja ulifurika. Birika upande huu na fulana zao, Mkeka upande ule na fulana zao. Kamau na Quinter walifunga biashara wakaja pamoja kwenye tuktuk moja, wakashuka wakaachana bila kuagana.

Na chifu, Mungu amsamehe, alikuwa amekodi viti. Na mjane wa Kalama ndiye mwenye viti pekee jirani.

Basi kuna viti vya buluu vimepangwa safu kwa safu chini ya hema, vitupu, na watu wote wamesimama juani wamevizunguka. Hata kikongwe mmoja aliyeletwa na mjukuu wake alikataa kukaa. "Mimi nina siri zangu," akasema.

Chifu akaita watu watulie. Munga alikuwa amesimama mbele, mkono wake umemshika mtoto wake mdogo, macho chini. Vijana waliochora jeneza walijipanga kando, wamekunja mikono.

"Kiponda," chifu akasema, "uliyoyasema makaburini ulipewa na nani?"

"Sikupewa na mtu, chifu. Nilivaa koti nikatania."

Mkeka wakazomea. Birika wakazomea vilevile.

"Na Munga?"

"Munga nilimnyoshea kidole kwa sababu ni shemeji yangu. Angekuwa karibu mwingine, ningemnyoshea huyo."

"Utaapa?"

"Naapa hata mara kumi!"

Na kweli nilikuwa na furaha. Maisha yangu yote sijawahi kuulizwa kitu chepesi namna ile. Mchungaji akafungua Biblia. Nikapangusa mkono kwenye suruali.

Ndipo mmoja wa wale vijana akapaza sauti. "Ngoja! Asiape kwa Munga peke yake! Aape kwa nyumba nzima!"

"Nyumba nzima vipi?" chifu akauliza.

"Aape nyumba ile haina kachero. Si mume, si mke, si mpangaji. Akiapa hivyo tumemaliza, tunamfutia mlango wake sisi wenyewe. Asipoapa, kesho ni Jumapili."

"Nyumba nzima!" wakaitika Mkeka.

"Nyumba nzima!" wakaitika Birika. Ilikuwa mara ya kwanza kuwasikia wakikubaliana, nami nikaona hiyo ni dalili njema.

Mchungaji akanitazama. "Unaweza, ndugu Kiponda?"

"Mchungaji, nyumba ile naijua mpaka panya wake."

Watu wakacheka. Munga akainua macho, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikaona tabasamu. Nilitaka kulia kwa kumwona vile.

Dada yangu Mapenzi alikuwa pembeni na masufuria yake, ndiye aliyepika chai ya baraza. Nikamwona anakuja na kikombe cha maji. Nikafikiri, afadhali, amenisamehe. Akanipa kikombe, akashika ncha ya leso yake akaanza kunifuta jasho usoni, kama alivyokuwa akinifuta nikiwa mdogo. Mdomo wake ukaja sikioni kwangu.

"Kwa Munga, apa," akaninong'oneza. "Kwa nyumba, usiape."

"Nini?"

"Tabasamu, watu wanatutazama. Usiape kwa nyumba. Utakuwa umeapa uongo."

"Dada, unasema nini?"

Aliendelea kunifuta.

"Kalama alikuwa na viti," akasema. "Mimi nilikuwa na masufuria."

Maji yalinimwagikia miguuni. Nikamwona tena pale makaburini na upawa wake, hacheki. Haikuwa hasira ile. Ilikuwa hofu, na mimi mpumbavu nilikuwa nimejitwika kiti kichwani nasubiri kuku.

"Munga anajua?" nikauliza.

"Hajui kitu. Naomba asijue hapa, mbele ya mtoto."

"Sasa nifanye nini? Nisipoapa watamuua. Nikiapa..."

"Sijui, Kiponda," akasema. "Wewe ndiye mwenye mdomo."

Akachukua kikombe chake akaondoka. Hakurudi kwenye masufuria. Alitembea taratibu mpaka chini ya hema, mbele ya umati wote uliosimama juani, akavuta kiti kimoja cha buluu, akakaa.

Mheshimiwa Ziro akageuza uso. Kikongwe akamshika mjukuu wake mkono. Vijana wakaanza kutazamana.

"Mapenzi?" Munga akaita. "Mke wangu, mbona umekaa?"

Mchungaji hakuwa ameona kitu, alikuwa bado anatafuta ukurasa. Akanisogezea Biblia.

"Haya, ndugu Kiponda," akasema. "Weka mkono, useme kwa sauti. Nyumba nzima."

Nikaweka mkono.